Upande Unaovuta Ndio Mzima

Land Rover aliyoniachia marehemu mume wangu ilikuwa ikivuta kulia kila nilipokanyaga breki. Katika nchi tunayoendesha kushoto, kulia ndiko linakotoka lori la tumbaku, na ndiko anakotokea kijana wa baiskeli aliyefunga magunia ya mkaa. Gari linalovuta kushoto litakutia porini peke yako, lakini linalovuta kulia linakupeleka kwa mwenzako asiye na kosa. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wajane na vijana waliorithi magari makuukuu, ambao huenda leo hii wanasomewa orodha ya spea na mtu ambaye bado hajaujua ugonjwa. Kwa wengi wetu fedha ya spea hizo ni ada ya mtoto.

Gari lenyewe ni ile ndefu, Series III ya inchi 109, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Toleo hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971. Waliokulia mikoani wanaikumbuka: ndiyo iliyomleta bwana nyuki, daktari, padri na mkuu wa wilaya. Mume wangu aliikuta kwenye mnada, imeng'oka rangi na viti vimeliwa na panya, akaifufua taratibu mpaka ikawa riziki yetu. Tulikuwa tukinunua asali kwa wafugaji wa nyuki wa Sikonge na Ipole, na msimu ukiwa mzuri tukivuka mto Koga hadi Inyonga, kisha tukiileta Tabora mjini kwenye ndoo za lita 20. Asali ni nzito kuliko maji. Ndoo moja hukaribia kilo 28, nawe ukishapakia ndoo za kutosha kulipia petroli, gari limebeba kama tani nzima ya kitu kinachochezacheza.

Njia tunayofuata ina umri mkubwa. Mwaka 1871, Mirambo alipoifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji, Stanley aliondoka Kwihara mwezi Septemba akazunguka kusini, akapita Ugunda na Ukonongo ndipo akakata kuelekea mto Malagarasi. Ukonongo ndiyo nchi ya Inyonga ninakofuata asali. Mpagazi wa zama zile alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au karibu yake, kwa miezi, kutoka huku hadi Bagamoyo. Mimi ni mjukuu wa watu hao. Kila ninapopandisha ndoo garini huwa nakumbuka kwamba mzigo wa ndoo moja ulikuwa karibu mzigo wa mtu mmoja, na kwamba chombo hiki cha chuma kinawapumzisha watu wengi.

Kisha mume wangu akaugua figo. Yeyote aliyeuguza mgonjwa wa figo anajua fedha zinavyokwenda: hospitali ya hapa, halafu rufaa ya Mwanza, nauli, chakula cha anayeuguza, vipimo. Akiba ya msimu iliisha, nikakopa kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa wetu wa Isevya, wakanipa bila kunisumbua. Alifariki mvua zilipokuwa zimekolea. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi kama sheria inavyotaka, na muda wote huo Land Rover ilikaa chini ya mwembe uani, mvua ikiinyeshea. Niliiona kila asubuhi nikichota maji. Sikuwa na nguvu ya kufungua hata mlango wake.

Eda ilipokwisha, mvua nazo zilikuwa zinakatika, na msimu wa asali ulikuwa mlangoni. Marehemu alinifundisha kuendesha kwenye mchanga wa njia ya Kwihara tukiwa bado vijana, na leseni ninayo. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akakubali kuwa tandiboi. Tulichaji betri, tukajaza upepo, injini ikawaka. Nikatoka nayo polepole hadi barabara kuu. Nilipokanyaga breki kumpisha mwanafunzi, usukani ulichopoka mkononi ukageukia kulia wenyewe.

Safari ya kwanza ya Sikonge ndiyo iliyonionyesha ukubwa wa jambo. Wafugaji walikuwa wakivusha ng'ombe, kundi refu, vumbi limetanda. Nikakanyaga breki mapema, gari likavuta kulia, na mbele yangu upande ule kulikuwa na mzee juu ya baiskeli. Niliachia breki, nikarudisha usukani kushoto, nikakanyaga tena kidogokidogo, na gari likasimama pembe za ng'ombe zikiwa zinagusa boneti. Yule mzee alishuka, akaniangalia, akasema, "Pole, mama," kisha akaendelea na safari yake. Alinionea huruma mimi, na ndiye aliyekuwa karibu kufa. Nilirudi Tabora na gari tupu, mwendo wa kutembea, shemeji akiwa kimya kabisa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwamba gari limekasirika. Kwamba mwenye gari hajaridhika linavyotumiwa. Wengine walisema lina mkono wa mtu, nimtafute mtaalamu. Kikao cha ukoo kikakaa, na watu wenye nia njema wakashauri liuzwe chuma chakavu, kwa kilo. Nilimtazama baba mkwe, mzee aliyekuwa amezika mwanawe, nikamwomba anipe msimu huu tu. Akasema, "Mwacheni mke wa mwanangu ajaribu." Neno lile ndilo lililoniwekea gari nyumbani, na sitalisahau.

Nikaenda gereji. Sitazitaja kwa majina, kwa sababu waliokuwa mle walikuwa vijana wanaotafuta riziki kama mimi. Ya kwanza waliuliza linavuta wapi, nikasema kulia. Wakafungua gurudumu la kulia mbele, wakasema breki shu zimekwisha na silinda ya gurudumu imechoka, wakaniandikia orodha. Nikanunua. Wakafunga breki shu mpya kulia, za zamani zikabaki kushoto, na gari likavuta kulia kuliko awali. Gereji ya pili walisema ni oili sili ya habu ya kushoto inavuja na kulowesha breki shu. Hilo kwenye Land Rover hutokea kweli, hata mume wangu alikuwa akilisema. Lakini waliniuzia oili sili bila kunionyesha mafuta yoyote kwenye dramu.

Ya tatu ndiyo ya hatari, na nataka kila msomaji aielewe. Kule walipata dawa ya haraka: walilegeza ajasta za gurudumu la kulia. Kila breki shu ya mbele kwenye gari hili ina ajasta yake nyuma ya bamba la breki. Ukiizungusha, breki shu husogea karibu na dramu au mbali nayo. Wakazirudisha nyuma za kulia mpaka kulia kukadhoofu sawa na kushoto. Nikajaribu mtaani, gari likasimama limenyooka. Nilifurahi, nikawalipa. Siku iliyofuata, nikiwa na ndoo chache tu za kuanzia, nilikanyaga breki kabla ya tuta na gari likapita juu ya tuta bila kupungua mwendo. Lilinyooka, naam, lakini halikusimama. Gari linalovuta linakutahadharisha. Lile lililonyooshwa kwa kudhoofishwa halikwambii neno mpaka siku unayohitaji breki kweli.

Nikaliegesha. Msimu ulikuwa unakwenda. Wafugaji wa nyuki hawawezi kuisubiri ndoo ya mtu mmoja, nao wana watoto. Asali niliyoahidiwa ikauzwa kwa wachuuzi wenye malori. Niliuza cherehani yangu, nikatuma sehemu ya ada ya binti aliyekuwa chuoni, nikawaomba akina mama wa kikoba wanivumilie. Walinivumilia. Kuna usiku nilikaa kwenye kiti cha dereva gizani, nimeshika ule usukani, nikawa namuuliza marehemu angefanya nini. Sikupata jibu. Nilipata usingizi, na siku zile usingizi ulikuwa riziki kubwa.

Aliyenifungulia njia ni mzee mmoja jirani wa msikitini, aliyefanya kazi reli ujana wake wote na akastaafu na mikono yake. Alipita asubuhi akiwa na bakora, akasimama karibu na mwembe.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Gari linavuta wapi?"

"Kulia, Mzee."

"Basi kulia tukuache. Kulia ni kuzima. Tuulize kushoto kunaumwa nini."

Gereji tatu, fedha zote zile, na hakuna aliyesema maneno hayo. Akanieleza akiwa ameketi juu ya ndoo. Breki zikishika sawa, gari hupungua mwendo limenyooka. Gurudumu moja la mbele likishika na la pili lisishike, gari huligeukia lile linaloshika, kwa sababu upande wa pili bado unakwenda. Akatoa mfano wa mpagazi mwenye mzega begani: ncha ya kushoto ikidondosha mzigo wake, mti wote utainamia kulia, na mpita njia ataona kwamba kulia kumezidi, ilhali aliyepotea ni wa kushoto. "Linalovuta linafanya kazi yake," alisema.

Akaongeza jambo la pili. Ukikanyaga breki, uzito wa gari na mzigo husogea mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba kazi kubwa ya kusimamisha. Kwa hiyo mvuto unaopokonya usukani, utafute mbele kwanza. Na breki za dramu, alisema, zina hasira kuliko za diski: dramu ikizunguka huikamata breki shu na kuivutia ndani, ikiizidishia mgandamizo. Kwenye inchi 109 breki shu zote mbili za kila gurudumu la mbele zimepangwa zivutiwe hivyo gari likienda mbele. Tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto hukuzwa, nawe unaipokea mkononi ikiwa kubwa.

Hakugusa spana siku ile. Alirudisha ajasta za kulia mahali pake kesho yake, akapima upepo wa matairi ya mbele mpaka yakawa sawa, halafu tukaenda njia ya Kwihara, kule lilipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 na ambalo sasa ni makumbusho. Kuna mahali njia ni ya changarawe ngumu yenye tabaka jembamba la mchanga juu. Aliniagiza niendeshe polepole bila kugusa breki, nilegeze vidole kwenye usukani. Gari lilikwenda sawa. Tukageuza tukarudi, kwa sababu barabara nyingi zimeinamia pembeni na gari lolote hutelemkia huko. Ukijaribu upande mmoja tu utaisingizia breki kosa la barabara. Kurudi pia likanyooka. Matairi yakatolewa kwenye mashitaka, na springi, na yubolti zinazoshika ekseli.

Kisha akaniambia nikanyage breki kwa nguvu nikiwa mwendo mdogo, na nisimamishe palepale. Akashuka, akatembea nyuma ya gari akiitazama ardhi. Tairi la kulia lilikuwa limechimba mfereji mweusi, mrefu, uliokatika ghafla mwishoni. La kushoto liliacha alama zake za kawaida, likizunguka kwa utulivu, halafu hatua chache tu kabla ya kusimama likaanza kuburuza. "Umeona? Kushoto hakukataa. Kumechelewa." Akaniita nipige magoti nione mwenyewe. Mababu zetu walijua kusoma nyayo katika njia hii hii, nani amepita na amebeba nini, na mzee huyu alikuwa anasoma breki.

Kilichowapoteza mafundi wote kilikuja baada ya hapo. Tulirudi mjini, akasogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Ya kulia ilikuwa na joto la kawaida. Ya kushoto, ile isiyoshika, ilikuwa inawaka. Shemeji akasema, "Mzee, mbona kushoto ndiko kunakofanya kazi?" Ni swali la haki. Joto maana yake msuguano. Mzee alifurahi kuulizwa. Akasema gurudumu linaweza kuchelewa kushika na pia likachelewa kuachia, na likichelewa kuachia litapika dramu njia nzima wakati dereva hata hajakanyaga. Ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa nikilihisi bila kulipa maana: nikikanyaga breki, gari huvuta kulia kwanza, kisha nikiachia huegemea kushoto kwa muda mfupi. Nilipomwambia alinishika bega. "Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Dereva anajua kuliko fundi, ila haulizwi."

Kazi yenyewe ilifanyika uani kwetu, chini ya mwembe. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akainua mbele kwa jeki na kutia vipande vya mataruma ya zamani chini ya ekseli, maana hakubali mtu alale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Akatikisa magurudumu juu na chini, pembeni kwa pembeni, kupima beringi na pini za usukani. Yalitulia. Akavua dramu ya kushoto. Alilowesha vumbi kwa maji kabla ya kulifuta, akawakataza watoto kusogea, kwa sababu breki shu za magari ya zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake huharibu mapafu. Naomba mafundi wanaopuliza dramu kwa mdomo wayasikie haya. Ndani kulikuwa kukavu. Hakuna oili, hakuna grisi. Oili sili niliyonunua ilikuwa imebadilishwa bila sababu.

Akanitaka nikanyage breki taratibu dramu ikiwa imevuliwa, kidogo tu, naye akizuia breki shu zisitoke. Silinda zote mbili zilisukuma, ila kwa uvivu. Nikaachia. Hazikurudi. Akarudisha dramu, nikakanyaga tena na kuachia, akajaribu kuzungusha gurudumu: limeshika. La kulia lilizunguka palepale. Akachukua spana ndogo, akafungua nati ya kutolea upepo ya gurudumu la kushoto robo mzunguko. Mafuta yakaruka kama yaliyokuwa yamefungiwa, na gurudumu likawa jepesi. Maana yake ilikuwa wazi hata kwangu: kilichokuwa kimeshikilia breki shu ni mafuta yaliyokosa njia ya kurudi, si kutu wala springi.

"Sasa tujue njia imezibwa wapi." Alifunga ile nati, nikakanyaga na kuachia, gurudumu likashika tena. Safari hii alilegeza maungio ya paipu ya chuma upande wa chesisi, pale inapokutana na hozi ya mpira inayokwenda kwenye gurudumu. Gurudumu halikulegea. Huku likilegea na kule lisilegee, kizuizi kiko katikati. Na katikati hakuna kitu isipokuwa ile hozi, kipande cha mpira chenye urefu wa mkono.

Kwa nje ilikuwa nzima. Haikuvuja, haikupasuka, na ndiyo sababu gereji zote ziliipita. Aliitoa, akaitoa na ya kulia, akaomba pampu ya baiskeli ya mwanangu. Upepo ulipita kwenye ya kulia bila kusita. Kwenye ya kushoto ulipita kwa kusukuma sana, kwa sauti ya kuzomea. Akaipasua kwa wembe kutoka mwisho hadi mwisho. Mpira wa ndani ulikuwa umevimba na kubanduka, tundu likabaki jembamba mno. Mguu wa dereva una nguvu ya kuyapitisha mafuta hapo, ingawa kwa kuchelewa. Lakini springi za breki shu hazina nguvu ya kuyarudisha. Ugonjwa wote ulikuwa ndani ya kitu ambacho hakuna aliyekitazama.

Aliogopa jambo moja zaidi: huenda mtu alitia mafuta ya injini kwenye chombo cha breki wakati fulani, kwa kukosa yanayostahili. Mafuta ya injini huvimbisha mpira, na ingekuwa hivyo ingenilazimu kubadilisha mipira yote, masta silinda na silinda zote. Akachota matone machache, akayatia kwenye glasi ya maji. Mafuta halali ya breki za gari hili huchanganyika na maji. Ya injini yangeelea juu. Yalichanganyika. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Ulikuwa uzee wa mpira tu, na unyevu wa miaka.

Nilimuuliza kwa nini wengine hawafanyi hivi. Akanisimulia miaka iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, spea zilipoadimika nchini. Fundi hakuweza kubahatisha, kwani hakukuwa na kipuri cha kubahatisha nacho. Alilazimika kuujua ugonjwa kwa hakika kabla ya kuagiza kitu ambacho kingechukua miezi. Leo maduka yamejaa vipuri, vya asili na vya bandia, na mtu anafundishwa kubadilisha kabla hajafundishwa kupima. Mimi naamini hilo ni dhuluma kwa masikini, hata likifanywa bila nia mbaya. Tajiri akibahatisha anapoteza fedha. Mjane akibahatishiwa, mtoto anarudi nyumbani.

Hozi zilitoka Gerezani, Dar es Salaam, zikaja kwa basi. Alisisitiza ninunue mbili, ya kulia na ya kushoto, na breki shu za kushoto zinazofanana na zile mpya za kulia, kwa kuwa vitu vya ekseli moja hubadilishwa pamoja. Bei ya hozi zile mbili ilikuwa ndogo kuliko ile oili sili na ufundi wake. Nilipoiona risiti nililia, na shemeji alidhani nimedhulumiwa tena.

Siku ya kufunga, mwanangu ndiye aliyekaa kwenye breki. Mafuta ya zamani, meusi kama kahawa, yalitolewa yote. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kijipira kimetumbukizwa kwenye chupa yenye mafuta kidogo ili hewa isirudi ndani. "Kanyaga. Shikilia. Bado. Achia." Mtoto yule hakuwa amecheka tangu mazishi ya baba yake. Alipoona mapovu yanatoka na Mzee akimpongeza kwa kila mkanyago, alicheka, na mama mkwe wangu alitoka jikoni kuja kuona kuna nini.

Tulirudi mahali pale pale njia ya Kwihara. Nikaongeza mwendo kidogo, nikakanyaga. Nyuma yetu ilikuwapo mifereji miwili, imeanza pamoja na kuishia pamoja. Mzee aliipima kwa bakora yake, upande mmoja kisha mwingine, halafu akasema turudi, muda wa swala umekaribia. Malipo aliyokubali ni nauli na ndoo ya asali ya kwanza nitakayoleta. Nilimletea kutoka Ipole kabla ya kuuza nyingine yoyote.

Msimu ule sikuupata wote, ila nilipata nusu yake ya mwisho. Deni la kikoba lilikwisha mwaka uliofuata, na binti yangu akamaliza chuo. Baba mkwe alipanda gari lile hadi Sikonge kumsalimia dada yake, akakaa mbele, na kila nilipokanyaga breki alitazama usukani. Watu walionishauri nitafute mtaalamu sasa huniletea magari yao niyasikilize. Siyatengenezi, mimi si fundi. Nawauliza tu linavuta wapi ukikanyaga, linaegemea wapi ukiachia, dramu ipi ina joto, kisha nawapeleka kwa Mzee au kwa kijana anayemfundisha. Na nimejiwekea sharti: fundi hanisomei orodha ya spea kabla gurudumu halijainuliwa mbele ya macho yangu.

Mafuta ya breki nayabadilisha yote kabla ya mvua, kwa kuwa hufyonza unyevu hata gari likiwa limekaa. Iliyobaki ni hozi ya nyuma, ile inayoshuka kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli, ambayo ina umri uleule wa zile zilizotolewa. Bado haijaleta shida. Nimeshainunua, na Mzee amesema tutaifunga Jumamosi, baada ya kushusha asali ya Inyonga.